Weupe wa jani si wa aina moja: namna ya kukagua kloroplasti kwa hadubini

Kabla ya kugusa hadubini, hakikisha eneo unalolishuku limekosa kijani kweli. Madoa ya rangi ya fedha ya mmea wa mapambo Pilea cadierei hutokana na hewa iliyonaswa chini ya ngozi ya jani; kloroplasti zake (punje za kijani ndani ya seli) ni nzima. Kata kipande cha milimita 5, kitie kwenye bomba la sindano lenye maji, toa hewa, ziba mdomo kwa kidole, vuta pistoni, kisha achia. Rudia mara kadhaa. Fedha ikigeuka kijani, ilikuwa hewa tu.

Kwa weupe wa kweli, jani zuri la kuanzia ni la Pelargonium, ua la bustanini, yenye ukingo mweupe. Pasua karoti, bana jani katikati, kisha vikate pamoja kwa wembe mpya uliolowa maji. Kata vipande kumi au zaidi, uchague vile vyembamba vinavyopitisha mwanga. Kipande kinene ndicho kinachowaangusha wengi: seli hupandana na mpaka wa rangi hupotea. Kiweke kwenye kioo cha hadubini, ndani ya tone la maji ya kawaida. Spiriti huyeyusha klorofili (rangi ya kijani ya jani), na maji ya chumvi hukausha seli. Laza kioo cha kufunikia kwa mshazari ili kisinase viputo.

Anza na lenzi ya 10, uhamie ya 40. Upande wa kijani utaona punje kama choroko zimejipanga kandokando ya seli. Upande mweupe seli huonekana tupu, lakini si tupu: zina plastidi (kundi la viungo vya seli ambamo kloroplasti zimo) zilizopauka, mara nyingi ndogo, ambazo utando wake wa ndani haukukamilika. Utando huo hauonekani kwa hadubini ya mwanga, kwa hiyo usiutafute.

Kaa zaidi mpakani, ukizungusha skrubu ndogo taratibu. Seli moja ikiwa na punje za kijani na zilizopauka pamoja, shuku kasoro katika DNA ya plastidi yenyewe.

Sasa bandua ngozi ya chini ya ule ukingo mweupe. Mara nyingi seli mbili zinazolinda kila stomata (kitundu cha kupitishia hewa) zina kloroplasti za kijani! Ngozi imetoka tabaka jingine la chipukizi, lenye urithi wa kijani. Mmea wa namna hii ni matabaka ya seli zenye urithi tofauti, kwa hiyo uzalishe kwa vipandikizi vya shina vyenye vichipukizi vya rangi zote mbili. Vipandikizi vya mizizi hutoa miche ya kijani kitupu, kwa kuwa chipukizi jipya huanzia tabaka la ndani.