Sakafu ya mbao bila vanishi: kupaka mafuta na nta, na jinsi ya kuitunza

Wakuu, kama una sakafu ya mninga au mkongo, kabla hujamruhusu fundi apige sila (ile ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi) na vanishi kama ilivyozoeleka, jiulize kwanza nani atakaa humo ndani. Nyumba ya kupangisha piga vanishi tu usijisumbue, mpangaji hawezi kukupakia mafuta. Ila kama unaishi mwenyewe, mafuta yana raha yake, pakichakaa pale mlangoni unapiga msasa hapo hapo unapaka tena imeisha, wakati vanishi ikianza kubanduka ukigusa kipande kimoja kiraka kinaonekana toka barabarani, mwisho unakwangua chumba kizima. Cha kukubali mapema ni kwamba mafuta hayaweki ngozi juu ya mbao, yanaingia ndani, kwa hiyo maji yakimwagika yafute, usiyaache hadi jioni.

Sasa mafuta gani, hapa ndo watu wanaharibu. Si kila mafuta ya mimea yanakauka. Alizeti, nazi, haya ya kupikia tuliyoyazoea, ukipaka sakafuni yanabaki na utelezi au kunata, yanakamata vumbi na baadae yananuka. Unataka mafuta yanayogeuka kuwa magumu yakikutana na hewa, na yanayopatikana kirahisi ni linsidi, yale ya mbegu za kitani. Dukani kuna mabichi na kuna yanayoitwa ya kuchemshwa. Mabichi yanaweza kukaa wiki nzima na zaidi bado yananata. Ya kuchemshwa yanakauka kama ndani ya siku moja hivi, ila mengi hayajachemshwa chochote, yametiwa dawa za madini za kuharakisha, kwa hiyo kama unataka asilia kabisa kabisa soma kopo. Mi kwa sakafu nachagua ya kuchemshwa, nyumba ya watu haiwezi kukaa imefungwa mwezi.

Nta ya nyuki inakuja juu ya mafuta, sio badala yake, maana peke yake ni laini na maji yanaiachia madoa meupe. Huku kwetu ya Tabora inafika bila shida, tena misitu ile ile ya miombo ndo inatoa mninga. Chukua nta sehemu 1 na tapentaini (ile ya kuzimulia rangi) sehemu 3, weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu. Ikishayeyuka itoe, nenda nayo nje mbali na jiko, ndo umimine tapentaini. Usimimine ikiwa jikoni, tapentaini inawaka mzee.

Kazi yenyewe: vanishi ya zamani lazima itoke yote, mafuta hayapenyi juu yake. Anza msasa namba 80, kisha 120, malizia 150, usiende juu sana maana mbao ikilainika mno hainywi. Vaa barakoa, vumbi la mninga linasumbua pua na kifua, wenye pumu wakae mbali. Fagia, futa, acha pakauke. Paka mafuta kidogo kwa tambara ukifuata nyuzi za mbao, subiri kama dakika 20, halafu futa yote yaliyobaki juu hadi mkono usiteleze. Hapa usione huruma kwamba unapoteza mafuta, yakibaki juu yanakuwa gundi. Kesho yake rudia, mikono 2 au 3 (yaani kupaka mara 2 au 3) inatosha. Nta subiri wiki kadhaa mafuta yashike vizuri.

Na matambara!! Tambara lenye linsidi ukilikunja ukalitupa kona linajipasha joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti, sio hadithi, mafuta yakikauka yanatoa joto na likikunjwa joto halina pa kutokea. Yatandaze nje moja moja mbali na vitu vya kuwaka, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Mwambie na msaidizi wa fundi, maana yeye ndo anayefanya usafi wa mwisho.

Kwa sisi wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kuna jambo la ziada, wale wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi. Wakitoka ziwani kama moshi wanafuata taa, na sakafu mbichi inawanasa wote. Paka asubuhi, mchana acha madirisha wazi hewa ipite, giza likikaribia funga na usiwashe taa chumba hicho. Juni hadi Agosti ndo muda mzuri, kipindi cha mvua mafuta yanachelewa kukauka.

Kutunza: adui mkubwa ni mchanga. Mwanza hii ya mawe, viatu vinaingia na chenga zinazokwaruza kuliko msasa, kwa hiyo weka zulia la kufutia miguu mlangoni na fagia kila siku. Kudeki tumia tambara lililokamuliwa sana na sabuni ya maji kidogo. Sabuni ya unga na dawa za kung'arisha choo hapana, zinang'oa mafuta. Ndoo ya chuma au mguu wa kiti wa chuma wenye unyevu unaacha doa jeusi kwenye mbao nyingi, weka vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu.

Kujua kama muda wa kupaka umefika, dondosha tone la maji pale panapopitwa zaidi. Likisimama kama shanga, acha. Likizama na mbao ikawa nyeusi ndani ya dakika chache, safisha, pakauke, paka mkono mmoja mwembamba. Kama kuna nta ifute kwanza kwa tapentaini, la sivyo mafuta hayaingii. Chini ya kitanda huenda usiguse miaka, korido na mlangoni ndo panapokula mafuta.