MRI ya kichwa kwa mzee anayesahau: ombi liandikweje, majibu yasomweje

Mzee anayerudia swali lile lile kila baada ya dakika chache, au anayepotea mitaa ya Magomeni aliyoizoea, aanze kwa daktari wa mishipa ya fahamu, asikimbizwe kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku. Apimwe kumbukumbu, kisha damu: vitamini B12, tezi ya thairoidi, kaswende na VVU. Yote hayo huweza kuleta usahaulifu, na yana tiba.

Picha nyingi huharibikia kwenye fomu. Ikiandikwa tu "MRI ya kichwa, anasahau", zitapigwa picha za kawaida, na hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu iliyojificha ndani upande wa masikio, haitaonekana vizuri. Mwombeni daktari aandike: T1 (picha ya umbo la ubongo) ya 3D yenye vipande vya milimita 1, na mkato wa koronali (wa kutoka sikio hadi sikio) unaokatiza urefu wa hipokampasi, halafu FLAIR ya kuona madoa ya ubongo, DWI ya kuona kiharusi kipya na SWI ya kuona damu iliyovuja. T1 itangulie, maana mzee akichoka huanza kujigeuza. Dawa ya sindano ya kung'arisha picha kwa kawaida haihitajiki.

Kipimo huchukua kama dakika 20 hadi 30, kwa kelele nyingi. Aende haja kwanza, awekewe vizibo vya masikio. Vueni pini za mtandio, hirizi yenye chuma, meno ya bandia, na misuko yenye nyuzi za chuma. Mwenye kifaa cha mapigo ya moyo au klipu ya mshipa wa damu ndani ya kichwa aseme mapema, asisubiri kufika mlangoni. Msimpe dawa ya usingizi kiholela nyumbani, humchanganya zaidi.

Majibu yakisema tu "ubongo umesinyaa kutokana na umri", rudini mkaombe alama ya MTA, yaani kiwango cha kusinyaa kwa eneo la hipokampasi, kulia na kushoto. Inaanzia 0 hadi 4, na hutokana na vitu vitatu: upana wa ufa ulio kando ya hipokampasi, upana wa pembe ya maji iliyo jirani yake, na kimo cha hipokampasi yenyewe. Chini ya miaka 75, alama 2 kwenda juu si ya kawaida. Zaidi ya hapo, ni kuanzia 3. Ombeni pia Fazekas, 0 hadi 3, inayopima madhara ya mishipa midogo ya damu, kwa kuwa presha nayo huharibu kumbukumbu. Alama peke yake haithibitishi Alzheimer.

MRI ikishindikana, CT, yaani picha za eksirei za vipande vipande, huchukua dakika chache na huonyesha damu iliyovia, uvimbe na maji kichwani. Nayo iombewe mkato wa koronali.

Picha safi haimaanishi hakuna ugonjwa. PET ya amiloidi, picha inayopigwa baada ya kudungwa dawa ya mionzi, huona mabaki ya protini (amiloidi) ya Alzheimer yaliyojikusanya kwenye ubongo miaka mingi kabla hipokampasi haijasinyaa, ila dawa yake ya mionzi yenye florini-18 hupungua nusu kila dakika 110 na haiwezi kuwekwa akiba, kwa hiyo ulizeni kama inapatikana kabla ya kupanga safari. Isipopatikana na usahaulifu ukazidi, rudieni MRI baada ya mwaka, kwenye mashine ile ile, na mwende na CD ya picha za kwanza, si karatasi ya majibu peke yake.