Kabla ya Kupanga Nyumba Pembezoni mwa Malindi

Kodi ya nyumba mjini Malindi hushuka kadiri unavyojitenga na ufuo na soko, na ndiyo maana wafanyakazi wa hoteli, walimu wapya na vijana wanaoanza maisha huishia Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo au mbele zaidi kuelekea Sabaki. Hapana ubaya wowote. Ubaya ni kulipa kwanza, ndipo uanze kuuliza.

Anza na maji. Ya bomba hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na mitambo ya huko ikisimama mji mzima huhangaika. Kwa hiyo fungua bomba mwenyewe, asubuhi na tena jioni, wala usiridhike kuonyeshwa tangi. Kama kuna kisima, onja maji yake, kwa kuwa mengi yana chumvi, kisha uliza shimo la choo liko wapi. Malindi haina mtandao wa mabomba ya majitaka, kila kiwanja kina shimo lake, na ardhi ya mchanga na matumbawe haizuii kitu. Kisima kilichopakana na choo ni cha kupigia deki.

Stima: dai mita yako ya tokeni, la sivyo utamlipia jirani mwenye friji. Usafiri: jumlisha nauli ya tuktuk au boda ya mwezi mzima, kwenda na kurudi, uiongeze juu ya kodi kabla hujafurahia unafuu.

Sasa lile ambalo wageni hawaliulizi kabisa. Huku Pwani, mwenye nyumba si lazima awe mwenye kiwanja. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambayo iliwaacha wenyeji wengi bila hati, watu wamejenga juu ya ardhi ya wengine kwa kulipa ijara, na wapo waliojenga bila makubaliano yoyote. Mama mmoja muuza mahamri, jirani yangu wa zamani, alipanga vyumba viwili katika nyumba ya namna hiyo, akalipa miezi mitatu mbele pamoja na amana, akapaka rangi na kuweka mlango wa chuma kwa fedha zake. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye nyumba na mwenye ardhi walikuwa hawasemezani. Siku moja akaja mtu na karatasi, akawaamuru wapangaji kodi yote waipeleke kwake. Mwenye nyumba naye akaapa kwamba atakayempelekea yule atatolewa vyombo nje. Maskini yule mama akawa analipa huku na huku kwa kuogopa wote wawili, mpaka asubuhi moja tingatinga lilipofika na nyumba ikabomolewa. Mlango aliuokoa. Amana hakurudishiwa, kwani aliyeipokea alikuwa amekwisha kuhamia Mombasa na simu yake haipatikani.

Kwa hiyo muulize mwenye nyumba, bila haya, kama kiwanja ni chake, na kama si chake, ijara anamlipa nani. Kisha waulize mzee wa mtaa na wapangaji wa zamani, kila mmoja peke yake. Majibu yakigongana, nenda zako. Usitegemee sana Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, maana inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vingi vya siku hizi vimekwisha kupita hapo.

Fedha usimkabidhi dalali mkononi. Itume kwa simu kwa mwenye nyumba ili kumbukumbu ibaki, na risiti udai vilevile. Andikeni amana itarudi lini na itakatwa kwa sababu zipi. Kagua makuti au mabati wakati wa masika ukiweza, tazama alama za maji chini ya kuta, jaribu kufuli na madirisha, na upite mtaani saa tatu usiku kabla hujahamisha hata godoro.