Jinsi ya Kupima Namba ya Planck kwa Taa za LED: Mwongozo kwa Walimu na Wanafunzi wa Arusha na Moshi

Tarehe 14 Desemba 1900, Max Planck aliwasomea wanafizikia wenzake mjini Berlin hesabu iliyoeleza jinsi kitu chenye joto kinavyotoa mwanga, na ndani ya hesabu hiyo mlikuwamo namba moja ndogo mno ambayo baadaye alikiri kuwa aliiingiza kwa kukata tamaa, baada ya njia nyingine kushindwa. Namba hiyo, inayoandikwa kwa herufi h, ndiyo mzizi wa nadharia yote ya kwanta. Thamani yake ni 6.626 × 10⁻³⁴, kwa kipimo cha juli-sekunde. Mwanafunzi wa kidato cha sita huikariri kutoka kwenye jedwali, huitumia kwenye mtihani, kisha huisahau, ilhali inaweza kupimwa juu ya dawati kwa vifaa vinavyopatikana kwa fundi redio yeyote wa Arusha au Moshi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima, na hasa namna ya kutodanganywa na vipimo vyenyewe.

Wazo la msingi ni kwamba nishati ya mwanga haitolewi kidogo kidogo kwa kiasi chochote mtu atakacho. Mtu akienda kwa muuzaji wa ndizi wa jumla kule Marangu ambaye hakati chane, atauziwa mkungu mzima au ataondoka mikono mitupu, na ukubwa wa mkungu utategemea aina ya ndizi. Mwanga nao hutolewa kwa vifungu vizima, na ukubwa wa kifungu hutegemea rangi: cha mwanga mwekundu ni kidogo, cha buluu ni kikubwa zaidi. Kanuni yake ni E = hf, ambapo E ni nishati ya kifungu kimoja na f ni masafa, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde. Planck aliona vifungu hivyo kama hila ya kihesabu. Ni Albert Einstein, mwaka 1905, aliyedai kuwa mwanga wenyewe husafiri katika vifungu, ambavyo leo tunaviita fotoni. Robert Millikan wa Chicago hakuliamini dai hilo. Alifanya kazi kwa miaka mingi akipima jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kwenye metali, na mwaka 1916 akachapisha matokeo yaliyoithibitisha kanuni ya Einstein na kuipa h thamani iliyokaribia sana ile ya leo.

Sisi tutafanya kinyume cha alichofanya Millikan. Kwake mwanga uliingia na elektroni zikatoka. Kwenye taa ya LED elektroni inaingia na mwanga unatoka. Ndani ya taa hiyo kuna kipande cha semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, chenye pengo la nishati, na kila elektroni inayoangukia upande wa pili wa pengo hilo inaweza kutoa fotoni moja. Kazi ya betri ni kuipandisha elektroni hadi juu ya pengo. Elektroni iliyosukumwa na volteji V hupata nishati eV, ambapo e ni chaji yake, 1.602 × 10⁻¹⁹. Kwa hiyo volteji ambayo taa inaanza kuwaka inapaswa kwenda sambamba na masafa ya mwanga wake: kadiri masafa yanavyokuwa makubwa, ndivyo volteji inavyopaswa kuwa kubwa. Uhusiano huo ndio utakaotupa h.

Vifaa ni vichache. Tafuta taa nne au tano za LED za rangi mbalimbali: nyekundu, njano, kijani na buluu, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho iliyomo kwenye rimoti ya televisheni, ambayo unaweza kuing'oa kwenye rimoti mbovu. Ukiweza, chagua zenye kichwa kisicho na rangi, ili uwe na hakika kwamba rangi unayoiona inatoka kwenye semikondakta na si kwenye plastiki. Usichukue taa nyeupe. Taa nyeupe kwa kawaida ni taa ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa njano, na ukiipima utapata volteji ya buluu kisha ubaki ukishangaa ni masafa gani uyaandike. Pamoja na taa hizo, nunua rezista ya kilo-omu 1, ambayo michirizi yake ni kahawia, nyeusi na nyekundu, kisha dhahabu. Kitufe cha kuongezea sauti cha redio, ambacho mafundi hukiita voliumu, cha kilo-omu 10. Betri nne za AA pamoja na kikasha chake. Na multimita ya kawaida ya dijitali. Mafundi wa redio na simu walio jirani na stendi za miji yote miwili huwa na vitu hivi, na vingi utavipata kwenye vyombo vibovu walivyovifungua. Kwa kuwa kila kitu kinatumia betri, umeme ukikatika jioni haitakuwa hasara. Giza lenyewe utalihitaji.

Voliumu ina miguu mitatu. Unganisha miguu ya pembeni na ncha mbili za kikasha cha betri, kisha kutoka mguu wa katikati peleka waya kwenye rezista, kutoka kwenye rezista uende kwenye mguu mrefu wa taa, na mguu mfupi wa taa uurudishe kwenye upande hasi wa betri. Si lazima kuchomelea kwa risasi. Nyaya zilizosokotwa vizuri na kufungwa kwa solotepu zinatosha. Rezista ni ulinzi wa taa, hivyo usiiache hata kama taa inaonekana kuwaka vizuri bila hiyo. Kabla ya kuwasha, zungusha voliumu hadi mwisho wa upande hasi.

Kazi ya kwanza ni kujua urefu wa wimbi wa kila taa. Karatasi ya muuzaji huwa na namba hiyo, lakini kwa taa zinazouzwa moja moja karatasi hiyo haipo, na hata ikiwapo ni vizuri zaidi kujipimia. Chukua CD ya zamani, kwaruza upande wake wenye maandishi, bandika solotepu na uvute ili utando unaong'aa ubanduke na kuacha plastiki safi. Plastiki hiyo ina mistari iliyoachana kwa nanometa 1600, na mistari hiyo hutawanya mwanga kufuatana na urefu wa wimbi. Weka taa mezani ndani ya chumba chenye giza, ongeza voliumu iwake sana, na uweke rula ndefu au futi ya fundi cherehani kwa mlalo kuanzia ilipo taa. Kaa sentimita 100 kutoka kwenye taa, shika CD karibu na jicho ikitazamana sawasawa na taa, na uangalie kupitia sehemu iliyo kulia au kushoto kwa tundu la katikati, kwa sababu hapo ndipo mistari husimama wima. Utaiona taa mahali pake, na kando yake utaona ukungu wa rangi ileile ukielea juu ya rula. Mwambie mwenzako asogeze penseli, akiimulika kwa mwanga hafifu wa simu, hadi ifike katikati ya ukungu huo, kisha asome umbali x kutoka kwenye taa. Urefu wa wimbi ni 1600 mara x, gawanya kwa kipeuo cha pili cha jumla ya x² na 100². Taa nyekundu ikitoa ukungu kwenye sentimita 43, jibu ni nanometa 632. Ya buluu yenye nanometa 470 itaonekana karibu na sentimita 31.

Ukungu huo una upana, kwa kuwa taa ya LED haitoi rangi moja kamili, na tofauti ya nanometa 10 kati ya wasomaji wawili ni jambo la kawaida. Iandike, itahitajika mwishoni. Kwa taa ya rimoti, ambayo jicho haliioni ingawa kamera ya mbele ya simu nyingi huiona, tumia nanometa 940 ambazo ni za kawaida kwa rimoti. Masafa hupatikana kwa kugawanya kasi ya mwanga, 3 × 10⁸, kwa urefu wa wimbi uliogeuzwa kuwa mita.

Sasa volteji. Hapa ndipo miongozo mingi inapokosea, kwa kumwambia mwanafunzi azungushe voliumu hadi aone taa inaanza kuwaka. Jicho la binadamu huona kijani kwa wepesi kuliko nyekundu au buluu, halioni kabisa taa ya rimoti, na kila mwanafunzi atakuja na jibu lake. Badala ya kutegemea macho, tegemea mkondo: zipe taa zote mkondo mmoja mdogo, kisha usome volteji. Multimita moja inatosha. Weka ncha zake kwenye miguu miwili ya rezista na uzungushe voliumu polepole hadi isome volti 0.05; kwa kuwa rezista ni ya kilo-omu 1, mkondo unaopita ni mikroampia 50. Bila kugusa voliumu, hamisha ncha uziweke kwenye miguu ya taa na usome. Kwenye multimita za bei nafuu, taa nyekundu na ya rimoti zitasomeka kwa kipimo cha milivolti 2000, lakini ukifika kwenye buluu kioo kitaonyesha tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake ni kwamba volteji imezidi kipimo. Hamia kipimo cha volti 20. Rudia kila taa mara kadhaa, na upime taa zote katika kikao kimoja. Volteji ya LED hushuka kwa kadiri ya milivolti 2 kila joto linapopanda kwa nyuzi moja, hivyo taa nyekundu iliyopimwa Moshi mchana wa Februari na ya buluu iliyopimwa Arusha usiku wa Julai haziwezi kuwekwa kwenye grafu moja.

Tuseme umepata volti 1.02 kwa taa ya rimoti, 1.68 kwa nyekundu na 2.40 kwa buluu. Kishawishi ni kuchukua taa moja na kuandika h = eV ÷ f. Kwa nyekundu, yenye masafa 4.75 × 10¹⁴, utapata 5.67 × 10⁻³⁴, ambayo ni pungufu kwa karibu asilimia 15, na wala si kwa sababu umepima vibaya. Kwa mkondo mdogo kama huu, joto la chumba huongezea elektroni sehemu ya nishati zinayoihitaji, kwa hiyo betri hutoa pungufu ya nishati ya fotoni. Upungufu huo unakaribia kuwa sawa kwa taa zote, na kitu kilicho sawa kwa wote hujitoa chenyewe ukitazama tofauti. Chora grafu yenye masafa kwenye mhimili wa mlalo na volteji kwenye mhimili wa wima, pitisha mstari mmoja ulionyooka katikati ya nukta zote, na utafute mteremko wake. Kwa mfano wetu, kati ya taa ya rimoti (3.19 × 10¹⁴) na buluu (6.38 × 10¹⁴) volteji imepanda kwa 1.38, hivyo mteremko ni 4.33 × 10⁻¹⁵. Ukizidisha kwa e unapata h ya 6.93 × 10⁻³⁴, iliyozidi kwa chini ya asilimia 5. Mstari hautapita kwenye sifuri, bali utakata mhimili wa volteji karibu na −0.36. Usiulazimishe kupita sifuri ili grafu ipendeze.

Usitarajie usahihi mkubwa zaidi ya huo. Taa ya buluu hutengenezwa kwa galiamu naitraidi na nyekundu kwa mchanganyiko mwingine kabisa, kwa hiyo ule upungufu ni sawa kwa kukadiria tu. Isitoshe, tangu tarehe 20 Mei 2019 thamani ya h imewekwa rasmi kuwa 6.62607015 × 10⁻³⁴ kamili, na ni kilo inayofafanuliwa kwa kuitegemea h. Kilo ya mchele inayopimwa Soko Kuu la Arusha inasimama juu ya namba hii hii.

Wanafunzi wanaotaka kuendelea hadi fizikia ya chembe waangalie kipimo walichokwisha kukisoma bila kujua. Elektroni iliyosukumwa na volti 1.68 ina nishati ya elektronivolti 1.68, na hicho ndicho kipimo kinachotumiwa kule CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilichopo Uswisi, ambako chembe ya Higgs iliyotangazwa mwaka 2012 ina uzito wa karibu elektronivolti bilioni 125. Namba h ipo huko pia: mwaka 1924 Louis de Broglie alionyesha kuwa kila chembe ina urefu wa wimbi unaopatikana kwa kugawanya h kwa msukumo wake (momentum), na ndiyo maana anayetaka kuchungulia vitu vidogo zaidi analazimika kujenga mashine zenye nguvu zaidi.

Unapoandika ripoti, usiandike 6.93 peke yake. Kosa la nanometa 10 kwenye buluu peke yake linatosha kusogeza mteremko kwa karibu asilimia 4, na kosa la volti 0.03 kwenye kusoma huongeza asilimia 2 hivi. Jibu linaloweza kutetewa mbele ya mwalimu ni (6.9 ± 0.4) × 10⁻³⁴, likiambatana na jedwali la vipimo vyote, ikiwa ni pamoja na vile vilivyokaa mbali na mstari, na maelezo ya namna urefu wa wimbi ulivyopimwa kwa kila taa.