Somo: Jinsi ya kutenga saa moja ya kuifikiria biashara yako kila wiki

Somo hili ni la mwenye biashara ambaye tayari ana watu chini yake: wauzaji wawili watatu, dereva, labda mhasibu anayekuja mara moja kwa mwezi. Ukiwa peke yako dukani, unafikiri huku unapanga bidhaa. Ukishaajiri, siku inaliwa na maswali. Bosi, mteja anataka apunguziwe. Bosi, mzigo umefika. Bosi, mashine ya EFD ya kutolea risiti imegoma. Jioni umejibu mambo mia, na hakuna hata moja ulilolichagua wewe.

Hatua ya 1: Chagua saa

Iangalie wiki yako ilivyo, usiangalie unavyotamani iwe. Kama wateja wako ni wa mikoani wanaowahi kufunga mzigo, asubuhi isahau. Wengi hufaulu saa 12 hadi saa 1 asubuhi, simu zikiwa bado kimya. Usiku baada ya kufunga hesabu siushauri: ukichoka, kila tatizo linaonekana ni kosa la mfanyakazi.

Ukiwa Tanzania na umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ritani ya mwezi uliopita hutakiwa TRA, mamlaka ya mapato, kufikia tarehe 20. Wiki hiyo iwahishe saa yako, usiifute.

Hatua ya 2: Ondoka, na uache mtu mwenye mamlaka

Mahali popote nje ya ofisi panafaa, hata ndani ya gari lililoegeshwa. Simu izime kabisa, maana ukiondoa sauti tu utaichungulia.

Ila kinachovuruga saa hii mara nyingi si simu. Ni kwamba hakuna mwingine anayeruhusiwa kuamua. Mpe mmoja ruhusa ya wazi: punguzo hadi kiasi fulani aamue mwenyewe, mzigo apokee na kuhesabu, mengine yasubiri. Kama huna hata mmoja unayeweza kumwachia duka kwa saa moja, basi tafakari yako ya kwanza umeshaipata.

Hatua ya 3: Nenda na swali moja

Hapa ndipo penye kazi. Ukienda na kichwa kitupu utarudi na usingizi. "Nitaongezaje mauzo?" si swali, ni dua.

Mwaka 1985 Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, ilikuwa taabani. Ilianzishwa mwaka 1968 ikitengeneza chipu za kumbukumbu, na sasa kampuni za Kijapani zilikuwa zinaziuza bora na kwa bei ya chini. Wakuu wake, Gordon Moore na Andy Grove, walizunguka na jambo hilo kwa muda mrefu bila kuamua. Siku moja Grove akamuuliza mwenzake: tukifukuzwa sisi na bodi ikaleta mkuu mpya, atafanya nini? Moore hakusita. Atatutoa kwenye kumbukumbu, akasema. Grove akauliza kwa nini basi wasitoke mlangoni, warudi, walifanye wenyewe. Wakalifanya, na nguvu ya kampuni ikahamia kwenye prosesa, chipu inayoendesha kompyuta.

Jibu walikuwa nalo siku zote. Kilichowazuia ni mapenzi kwa bidhaa iliyowalea. Na wewe andika hivi juu ya karatasi: *mtu akiinunua biashara yangu leo, kesho ataondoa nini kwanza?* Pengine ni mzigo uliolala stoo tangu mwaka juzi. Pengine ni mteja mkubwa anayechukua kwa mkopo na kulipa akijisikia. Pengine ni shemeji aliyepo kaunta. (Hilo la mwisho ndilo watu huliandika kwa herufi ndogo kabisa.)

Hatua ya 4: Kaa

Beba karatasi, kalamu na tarakimu tatu tu: fedha iliyopo, tunachodai, tunachodaiwa. Daftari la mauzo liache dukani, la sivyo saa nzima utakuwa karani. Dakika za mwanzo zitajaa kelele: ada ya shule, tairi la gari, maneno ya jirani. Yaandike pembeni yakupishe.

Hatua ya 5: Toka na jambo moja

Uamuzi mmoja, wenye jina la mtu na tarehe. Wiki ijayo anza kwa kuuliza kama ulifanyika.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nina saluni yenye wasichana watatu. Hao kina Bill Gates wa Microsoft wanaojitenga kufikiri wana wasaidizi, mimi muda nitautoa wapi?
Kweli dada, Gates alikuwa akijitenga wiki nzima mara mbili kwa mwaka na rundo la karatasi za kusoma. Wiki yake usiige. Wewe chukua dakika 20 siku ambayo wateja ni wachache, kabla hujafungua. Swali moja, karatasi moja.

Biashara ni yetu na mume wangu. Nikijitenga anaona namficha jambo.
Mwonyeshe karatasi ukirudi, mama. Kisha mara moja kwa mwezi kaeni wote wawili, kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kuongea. Majibu yakitofautiana, hapo ndipo pa kuanzia.

Mimi nikikaa kimya nawaza madeni tu.
Basi swali lako ni hilo, kaka. Orodhesha jina, kiasi, tarehe uliyoahidi. Chagua mmoja umpigie kabla yeye hajakupigia, umwambie utalipa kiasi gani na lini. Anayedai huvumilia zaidi akitafutwa.

Naamka kwa swala ya alfajiri. Naweza kuunganisha humo humo?
Baada yake, naam. Ndani yake, hapana. Maliza swala na nyiradi zako, nyanyuka ukae mahali pengine, ndipo ushike kalamu. Ndugu zetu wa kanisani nao wasifanye mahubiri ya Jumapili kuwa kikao cha mahesabu.

Na Ramadhani?
Ipeleke mara baada ya alfajiri, daku likiwa bado lina nguvu. Ile saa ya kuelekea magharibi usiamue lolote la fedha, na usimfukuze mtu.