Vitu vya kuchezea na vifaa vya mtoto asiyeona: anza na vilivyopo nyumbani

Wazazi, walezi na walimu habari zenu. Naandika hii kwa wenye mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu, manake swali la kwanza huwa ni vifaa vinauzwa wapi na bei gani, wakati mtoto mwenyewe kakalishwa kwenye mkeka tangu asubuhi mikono mitupu. Vifaa tutafika, ila mikono kwanza.

Ila kama macho hayajapimwa, nenda hospitali yenye daktari wa macho ya watoto, kwa Tanzania kuna CCBRT Dar na KCMC Moshi. Mtoto wa jicho hata kwa mtoto mdogo anatolewa, na ukichelewa ubongo unakuwa haujajifunza kuona. Ukiona weupe ndani ya mboni wahi haraka sana, inaweza kuwa saratani. Na uliza anaona kiasi gani, watoto wengi tunaowaita vipofu wanaona kidogo. Wenye ualbino kwa mfano wengi wanahitaji miwani, lensi ya kukuzia, kofia pana na kukaa mbele darasani, wanasoma maandishi ya kawaida kabisa. Huyo mpe vitu vya rangi zinazopishana sana, uji mweupe kwenye bakuli jeusi anauona.

Kwa mtoto mchanga tafuta boksi kubwa gumu, kata upande mmoja, mlaze kichwa na kifua viwe ndani, halafu kwa juu ning'iniza kijiko cha bati, kifuu, funguo, brashi mpya, kipande cha kitenge, yaani vitu vya kawaida vyenye sauti na mguso tofauti. Wazo hili alilianzisha Lilli Nielsen wa Denmark, mwalimu ambaye alikuwa na ndugu zake wasioona. Kamba ziwe fupi sana na umefunga imara, na wewe usitoke hapo. Siri yake ni kwamba usivihamishe! Akigusa kijiko leo, kesho mkono wake unakirudia palepale, hapo ndo anaelewa kwamba kitu kipo hata kama hajakishika. Na usimshike mkono kumpeleka, nyamaza mwache atafute mwenyewe, hata akichukua muda.

Akianza kutambaa na kutembea anataka mpira. Chukua njuga uziweke kwenye kopo dogo la plastiki lenye matundu, ndo uzungushie matambara na kamba, ukizifunga na nguo moja kwa moja zinabanwa hazilii. Mpira ukisimama unanyamaza kwahiyo kaeni duara miguu mmetanua, muwe mnausukuma chini chini. Wale wanaoona wafungeni kanga machoni, mchezo unakuwa sawa kwa wote. Huu mchezo una ndugu yake mkubwa anaitwa goalball, ulianza 1946 kwa askari waliopofuka vitani na tangu 1976 upo Paralimpiki.

Bao nalo msilisahau. Mashimo 32, kete 64, kila kitu kinahesabika kwa vidole, mtoto anajifunza kujumlisha na kutoa huku anamfunga babu yake.

Kujiandaa na nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, kata trei la mayai ubaki na mashimo sita, mawili kwa upana na matatu kwenda chini. Kushoto kutoka juu ni 1, 2, 3, kulia ni 4, 5, 6. Ndimu kwenye shimo la 1 ni a, ndimu kwenye 1 na 2 ni b. Vipande vinne vya trei kama hicho vikipangwa kwenye mstari anaandika baba. Akishazoea ndimu ndo mpeleke kwenye nukta ndogo za karatasi.

Sasa vifaa vya kununua. Fimbo nyeupe usisubiri awe mkubwa, anaweza kuanza nayo akishatembea, imfike kifuani na uibadilishe anavyorefuka. Simu ya Android ina TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, ipo tayari kwenye setingi, hulipii kitu: anatelezesha kidole kimoja kulia kusikia kinachofuata, anagonga mara mbili kufungua. Kwenye kompyuta ya Windows weka NVDA, nayo ni programu ya kusoma skrini kwa sauti, ni ya bure na sauti ya Kiswahili imo. Akiwa njiani asizibe masikio na headfoni, masikio ndo yanamwambia pikipiki inakuja.

Na kwa mnaopeleka misaada mashuleni, jamani ulizeni kwanza. Midoli ya taa za rangi haimsaidii asiyeona kabisa. Shule nyingine ina tableti zimefungiwa kabatini zisije zikaharibika, na mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu imesimama kwa sababu hakuna karatasi nene. Bora upeleke hizo karatasi na hela ya fundi, na mwombe mwalimu mkuu kabati liwe wazi muda wa mchezo.