Namna ya kupiga "Rumble" bila kutoboa spika

Niseme mapema: usitoboe spika. Mimi nilitoboa, kwa penseli, spika ya ampi (kikuza sauti cha gitaa) ya kuazima, na deni lake nililipa miezi minne. Nilikuwa nimesikia kwamba Link Wray, mpiga gitaa wa Marekani mwenye wimbo huu wa "Rumble", alipotaka gitaa likwaruze studio kama lilivyokwaruza ukumbini, alichukua penseli akazitoboa spika za ampi yake. Ni kweli alifanya hivyo. Ila ampi ilikuwa yake. Wewe fungua sauti mpaka ianze kupasuka, au tumia kidogo tu pedali ya distoshen, ile ya kukanyaga inayokwaruza sauti.

Wimbo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1958. Hauna hata neno moja la kuimba, na bado baadhi ya redio ziliupiga marufuku, kwa kuwa jina lake kwa vijana wa mtaani lilikuwa ugomvi wa magenge. Ulizaliwa kwenye dansi huko Fredericksburg, Virginia: bendi iliombwa kupiga strol, mtindo wa kucheza pole pole, na Wray akaubuni palepale. Kwa hiyo usiukimbize. Watu wanatembea, hawarukiruki.

Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni nne: D, E, A na B7, zote za mwanzoni mwa shingo. Piga D mara mbili, kisha E, halafu uiache ilie. Hiyo E usiichape. Pitisha piki, kile kipande cha kuchapia nyuzi, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba taratibu, kila uzi usikike ukiingia.

Hapo ndipo sisi tuliokulia kwenye rumba tunapoharibu. Mkono wa kulia umezoea kazi, ukiona nafasi unajaza. Mimi nilikuwa natia vikolombwezo kila E inapolia, mpaka mpiga drams wetu akaniuliza, "Kaka, unalipwa kwa noti?" Nikaanza kushusha mkono pajani baada ya kila E. Jaribu, inasaidia.

Mpangilio: D-D-E mara mbili, D-D-A, D-D-E, kisha B7, halafu unateremka. Kuteremka ni noti mbili kila uzi, ya kubonyeza kwanza, kisha uzi mtupu, yaani usiobonyezwa. Uzi wa kwanza (ule mwembamba kuliko zote) na wa pili bonyeza freti ya 3, yaani nafasi ya tatu ukihesabu kutoka kichwani mwa gitaa. Wa tatu, wa nne na wa tano freti ya 2. Wa sita freti ya 3, na uzi wake mtupu unakurudisha nyumbani, E.

Kuelekea mwisho Wray anaongeza trimolo, sauti inatetemeka mpaka unahisi ampi ina homa. Kama ampi yako haina, kidole kidogo kizungushe kitufe cha volyumu cha gitaa, mbele na nyuma, huku E ya mwisho ikilia. Usiizibe kwa kiganja. Iache ife yenyewe.